Tulidhani ni Roho

Buffalo, East Side

Yaya Cibalonza,

Salamu kwenu wote huko Louisville. Sombe uliyotuma, yale majani ya muhogo, ilifika, watoto wameshaimaliza.

Bon, yale maumivu ya kichwa ya nyumba nzima, si nilikuambia ni vita vya kiroho? Jumapili niliwaita wamama wa kanisa waje kuiombea nyumba. Tulifunga madirisha yote kwa sababu ya baridi. Mama Mirindi akaanguka. Tukazidisha kuimba, tukisema Roho ameshuka!

Binti yangu Gloire ndiye aliyewaita wazima moto. Wakatutoa wote nje. Kumbe mashine ya joto ilikuwa inavuja gesi ya sumu isiyo na harufu, mashine ile ile niliyomlilia mwenye nyumba aje kuitengeneza! Sasa anasema eti sisi Wakongomani tunapika na makaa ndani. Makaa, Yaya! Nitamfikisha kortini.

Lakini Mama Mirindi yuko hospitali, hajaamka. Alipokuwa anaanguka alinishika mkono kwa nguvu, na mimi nikabandua vidole vyake, nipate kupiga makofi.

Mdogo wako,
Nsimire