Dawa Sitaki Kabisa

Vällingby, Stockholm, Jumanne

Na hasira bado haijanishuka. Daktari aliniuliza mimi, kwa Kiswidi ninachokielewa vizuri, kama nataka kurudia dawa za saratani. Rehema, binti yangu, akanijibia: "Baba bado anafikiria."

Nani anafikiria?

Kwenye treni nilimgombeza. "Lakini Baba, jana si ulisema tutaona?"

Kweli nilisema. Kwetu Tanga "tutaona" ni hapana ya mtu mwenye adabu. Marehemu mama yake angeelewa papo hapo. Huyu amekulia Stockholm. Kwake tutaona ni tutaona.

Miaka yote nimefundisha Kiitaliano hapa, nikiwafokea Waswidi watu wazima: kukataa kwa non peke yake hakutoshi! Tieni affatto, na ikae baada ya kitenzi: non voglio affatto, sitaki hata kidogo. "Msikatae kama mnaoomba radhi!" Walicheka, wakajifunza. Mwalimu mwenyewe hajawahi kukataa kitu nyumbani kwake. Naungama hapa, maana nakufa. Naogopa kufa, lakini naogopa zaidi kutundikiwa ile dripu tena kwa sababu ya adabu.

Jioni binti yangu aliponiletea uji nikamwambia, "Rehema, dawa sitaki. Sitaki kabisa."

"Haya Baba, tutaona kesho..."

"Hatuoni kitu! Mpigie daktari."

Akaweka bakuli, akalia. Sikumbembeleza. Nilikunywa uji wote mbele yake, ajue kwamba nilichokataa ni dawa tu.