Sindano Inapita, Mlango Siuoni

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafa moyo kabisa, na unisamehe mistari yangu kupandana, mimi ni fundi cherehani mwaka wa ishirini na sita huu, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka natunga uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote, ukipita mara moja najua macho yangu mazima, na haujawahi kunikatalia, hata mwaka jana nilipoanza kujigonga bega kwenye fremu ya mlango na majirani kuninunia eti naringa, wananipungia mkono nami napita kama siwaoni, na kweli Shangazi, nilikuwa siwaoni.

Siku niliyoweka kiwiko juu ya pasi ya moto iliyokuwa palepale pembeni yangu ndipo nilipokwenda hospitali, daktari akasema ni glakoma, presha ya macho, jicho la kulia limekwisha na la kushoto limebaki katikati tu, nikamwambia basi nipasue kama ulivyompasua seremala jirani yangu, alikuwa na mtoto wa jicho na leo anasoma gazeti, akasema ugonjwa wangu si huo, akanipa dawa ya matone, nikatia miezi miwili, inawasha, na kila nikijipima naona vilevile, hakuna kilichoongezeka, nikaacha. Huu mwezi wa tano tangu niiache, na jana nimekata mkono wa koti la mteja nikidhani ni kipande cha kutupa.

Nalia bafuni bomba likiwa wazi ili binti yangu asisikie. Ana miaka thelathini, tunashona meza moja, hajui kitu. Marehemu mama alikufa haoni, tukasema uzee, nilimshika mkono miaka minne na sitaki mwanangu abebe mzigo ule. Juzi nilipojigonga alinicheka: "Mama, huo mlango umekukosea nini?" Nikacheka naye. Shangazi, nimechoka, sioni faida ya lolote. Nimfiche mpaka lini?

Fundi wa Sindano Nyembamba

Fundi, pole. Pole sana, na sasa keti nikugombeze.

Nani alikwambia matone yatakuongezea kuona? Nimemsomea daktari wa macho barua yako. Ndani ya jicho mna maji. Presha yake ikipanda huumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa ukifa haufufuki. Sitakudanganya, jicho la kulia ndiyo basi. Seremala alikuwa na ukungu, ukatolewa. Wako si ukungu. Matone kazi yake ni kulinda kilichobaki, kwa hiyo kule kuona vilevile ndiko dawa kufanya kazi, mama, nawe ukaiacha!

Na sindano yako imekuhadaa miaka yote. Ugonjwa huu mara nyingi hula pembeni kwanza, katikati huacha mwisho. Mlango ulikuwa unakwambia ukweli, hukuusikiliza.

Kesho rudi kliniki, useme wazi kwamba uliacha. Dawa ikiwasha, zipo nyingine, na upo upasuaji wa kushusha presha, ingawa nao haurudishi kilichokwenda. Pasi iwekwe mbele yako, si pembeni. Mkasi mpe binti.

Halafu huyo binti. Sikumwona mama yako, lakini sidhani kama ulikuwa uzee. Glakoma hutembea kwenye ukoo, tena kimya, bila maumivu. Unadhani unamfichia siri yako, kumbe huenda ni yake pia, na yeye bado ana macho ya kuokoa. Mwambie leo, uende naye, apimwe presha ya macho na upana wa kuona.

Atakataa. Atakwambia macho yake mazima, atachukua ile sindano na kutunga uzi mara moja mbele yako, kama ulivyomfundisha.

Usimwamini. Mshike mkono mwende.