Rangi ya Gari la Baba Anjela

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Nasugua boneti ya gari tangu saa moja asubuhi. Mkono wa kulia hauinuki. Upepo wa leo balaa, nikipaka dawa ya kung'arisha rangi vumbi linaniwahi. Nafuta, naosha, naanza upya.

Jirani yangu Yohana, aliyekuwa akipiga rangi magari ya idara kabla ya kupunguzwa kazi, kapita akacheka. Eti nakwangua gari kama sufuria la ugali. "Msasa wa maji kwanza, mama Anjela. Taratibu. Kwenye kona usikaze, utamaliza rangi ufike kwenye bati." Kumbe.

Dawa hii aliinunua marehemu mume wangu. Kopo hakulifungua hata siku moja. Kila mwaka ilikuwa "mwaka huu". Nina hasira naye leo.

Jumapili, 7 Agosti

Misa nimeikosa. Nimechoka. Maji ya hapa Nzuguni yana chumvi, yakikaukia kwenye gari yanaacha madoa meupe. Nimeosha mara tatu.

Jumamosi, 13 Agosti

Milango imekwisha. Bluu imejitokeza! Ile ile ya siku tuliyolinunua. Nimejiona kwenye mlango wa dereva. Nimezeeka. Nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo, nikaendelea.

Ukoo ulipokaa kugawana mali kule Busi, kwao marehemu, baada ya matanga, shemeji Gaspari, kaka mkubwa wa marehemu, alichukua baiskeli, redio, makoti yote, mpaka cherehani yangu mwenyewe. Gari akalipiga teke la tairi. "Mkweche huu mwachieni mama." Wakacheka wote. Na mimi nikaitikia ahsante, mjinga mimi. Sasa ndio unaonibebea zabibu za kuuza kutoka Makutupora. Ndio unaomsomesha Anjela bwenini. Mshahara wa kupiga chapa siku hizi haufiki popote.

Jumapili, 14 Agosti

Limekwisha. Nimelipaka nta, nikaenda nalo kanisani. Nikaliegesha mbele kabisa, karibu na mlango. Wanawake wakawa wanajitazama vilemba kwenye rangi yake. Watu wa Kondoa, wa upande wa Busi, nao walikuwepo, wamelizunguka, wamelishika. Nilifurahi, nakiri. Mara ya kwanza tangu nizike.

Alhamisi, 18 Agosti

Sikupaswa kwenda nalo kanisani.

Nimetoka kazini nimemkuta shemeji Gaspari kibarazani kwangu. Habari zimefika Busi ndani ya siku nne. Nikamwamkia. Hakuuliza hata hali ya Anjela. Alizunguka gari, akapitisha kiganja, akatabasamu. Mwanawe anaoa mwezi ujao, anataka bibi harusi apandishwe gari la ukoo linalong'aa, si la kukodi. Likishabeba harusi litabaki huko huko. "Mali ya marehemu ni ya ukoo, shemeji. Wewe kesho utaolewa kwingine." Jumamosi anakuja na wazee wawili kulichukua.

Nikamkumbusha maneno yake ya siku ile. Kajibu: siku ile lilikuwa mkweche.

Kadi ya gari ina jina la marehemu. Nikienda mahakamani ni miezi, na zabibu hazinisubiri.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimeomba ruhusa ofisini. Nimeenda kwa Yohana kuomba msasa wa mbao, ule mkali kuliko yote. Alipojua wa kazi gani akakataa. Nikasimama pale pale mlangoni kwake. Mwishowe akanipa, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakutaka kuona.

Wiki nzima ya mikono yangu, na imechukua saa moja tu. Boneti, milango, paa. Kwenye kona nimekaza makusudi mpaka bati. Kisha nikalimwagia maji yale ya chumvi, nikaliacha likauke na jua. Sikulia. Sikuhisi chochote, na hilo limenitisha.

Jumamosi, 20 Agosti

Wamekuja saa nne. Wazee wakalitazama gari, kisha wakamtazama Gaspari. Mmoja akamwuliza, "Hili ndilo ulilotutolea Busi?" Gaspari alibabaika, akasema Jumatatu... hapana, juzi lilikuwa linang'aa, kwa macho yake. Mzee akamwambia apunguze pombe.

Gaspari akaniangalia. Anajua. Mimi nikamimina chai.

Kabla ya kuondoka yule mzee akatamka mbele yetu sote: mkweche huu ni wa mama Anjela, na yeyote wa ukoo asije kuuzungumzia tena. Gaspari hakuigusa chai yake.

Jumapili, 21 Agosti

Kanisani sikwenda, wataniuliza. Makutupora mapema, kreti nane. Gari limewaka bila kusukumwa.

Mwenye shamba kauliza limepatwa na nini. Nikamwambia ni mimi. Kadhani natania, akaendelea kupakia.