Korongo wa Mikindani

Mama Nickson, usinipigie. Siwezi kuongea, naandika tu.

Ursula mzima. Amelala hapa pembeni yangu.

Tuko kwenye ile nyumba ya wageni ya kale, Mikindani, mbele ya bahari. Asubuhi maji yalikuwa mbali, mchanga mtupu umejaa ndege, korongo. Nikamwambia mtoto asogee awaone. "Ukifika pale simama tuli, usije ukawafukuza. Usitoke mpaka nikuite."

Mimi nikabaki barazani na darubini.

Nuria, mpishi wa hapa, akatoka jikoni. "Mama Ursula, mwite mtoto. Maji yanajaa."

Nikamjibu, "Maji si yale kule?"

"Nyie watu wa Newala, bahari hamuijui," akasema. Akajifunga kanga kiunoni, akakimbia.

Maji yalishamzunguka mtoto kwa nyuma. Nuria alipomfikia yalikuwa kifuani.

Na nilikuwa namwona, Mama Nickson. Nilimwona. Mara mbili darubini ilimpitia nikiwafuata korongo, nikasema leo katulia huyu mtoto.

Nuria alimleta mgongoni. Nikamuuliza Ursula mbona hakukimbia, hata kupiga kelele.

Akasema, "Ulikuwa hujaniita, mama."