Ukuta wa Mzee Sila

Jumatatu, 9 Novemba 1908

Mzee Sila amefika Bomani asubuhi, pamoja na mwanawe Yotham. Ombi lake: ruhusa ya kutengeneza nyumba ya marehemu baba yake, ile tembe kubwa kwenye njia ya Kongwa ambayo watu wote huiita Nyumba ya Hongo. Humo ndimo misafara ya pwani ilimolipia hongo, ushuru wa njia, kwa mtemi, nguo na nyaya za shaba, kabla Mdachi hajaifuta desturi hiyo. Amri mpya yasema nyumba yoyote iliyokuwa ya mtemi isiguswe bila cheti cha Bwana Mkubwa. Sababu haikuandikwa. Inaeleweka.

Ukuta wa nje, upande wa mashariki, umelika chini. Ukianguka utavuta paa, na paa la tembe ni udongo mtupu juu ya boriti. Wanaishi humo yeye, mkewe Loisi ambaye haoni, na wajukuu wanne. Anataka kuukandika kabla ya mvua.

Alinitajia maneno, nikayaandika. Alisema "ukuta". Neno pungufu! Tembe ile ina kuta zaidi ya ishirini. Ule unaozunguka vyumba vyote na ua wa ng'ombe una jina lake: boma. Nikaandika "boma". Nikaongeza vipimo — urefu, kimo, na idadi ya matundu ya kuchungulia yaliyoachwa na wazee: kumi na manne. Ombi lisilo na vipimo ni kilio tu.

Akatia kidole gumba. Akasema kalamu yangu inakunywa kuliko ng'ombe wake. Nikamwahidi cheti baada ya siku tatu.

Sikuona haja ya kumsomea.

Jumatano, 11 Novemba

Cheti bado. Bwana Mkubwa huyu ni mgeni, hajatimiza miezi miwili hapa; ametoka kusini, kwenye vita. Hapendi kufasiriwa. Barua za Kiswahili huzisoma mwenyewe, kamusi mkononi, na hujivunia jambo hilo. Ombi la Mzee Sila liko chini ya kamusi. Nimeiona pembe yake.

Yotham amekuja kuuliza. Wameshabomoa sehemu iliyooza, hatua kumi na mbili! Nilimkemea: nani amewaruhusu? Akajibu kwa adabu kwamba baba yake amesema neno la karani ndilo cheti, karatasi ni kivuli chake.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimeitwa ndani. Bwana Mkubwa aliweka kidole juu ya neno moja na kuniuliza maana yake. Nikamweleza: boma ni ukuta uzungukao makazi; kwa kupanuka kwa maana, ni ngome; na kwa siku hizi, ni nyumba hii ya serikali. Maana tatu, moja ndiyo asili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nchi haina maboma mawili. Na matundu kumi na manne ni ya kuchungulia nini? Kuku?

Nikasema tena kwamba hapa neno lina maana ya ukuta tu.

"Kusini nako," akasema, "walituambia maji ni maji tu."

Hakuuliza neno lile lilichaguliwa na nani. Nami sikumwambia. Nililoulizwa nililijibu kikamilifu.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimetumwa pamoja na Akida Zaidi kukagua nyumba. Nilikuwa sijaingia nyumba ile tangu nihamishiwe hapa kutoka Kondoa. Kizingiti cha mlango mkubwa kina shimo laini lililochimbwa na ncha za pembe za ndovu zilizokuwa zikiegemezwa hapo. Niliingiza vidole vitatu. Vikaenea.

Pale palipobomolewa, upepo unaingia moja kwa moja hadi kitandani pa Bibi Loisi. Wamepaziba kwa ngozi ya ng'ombe. Boriti mbili zinashikiliwa na miti ya kuegemeza tu. Udongo wa kukandikia umekwisha kukanyagwa, umekauka, umepasuka. Pombe ya mtama waliyowapikia majirani watakaosaidia kazi imechacha. Majirani wenyewe walikuwa wamekaa kivulini, na mmoja akaniuliza siku tatu za Bomani huhesabiwa kwa vidole vya mkono au vya jongoo. Wakacheka wote. Akida pia.

Bibi Loisi alinitambua kwa viatu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kinachokawia ni nini. Nikasema kuna neno halijaeleweka.

"Basi mwambie Sila alitaje tena," akasema. "Yule hana uchoyo wa maneno."

Akida ameandika taarifa yake: ukuta una matundu. Ni kweli. Hakuandika kwamba panya wameziba tisa kati ya hayo.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimemweleza Zaitun, mke wangu. Alikuwa akipepeta mtama. Akauliza: kwa nini sijasema kwamba neno ni langu?

Nikampa sababu. Kwanza, neno lenyewe ni sahihi. Pili, karani akikiri kosa ambalo si kosa, huwa amesema uongo. Tatu, nikiondolewa kazini, atakayekuja baada yangu hatajua hata tofauti ya ukuta na boma, na maombi ya watu wengine wote —

"Nimekuuliza kitu kidogo, Baba Mwamvua," akasema, "umenijibu hotuba."

Akaendelea kupepeta.

Jumamosi, 21 Novemba

Hukumu imetoka. Cheti kimeandikwa! Ukuta usizidi kifua cha mtu, matundu yazibwe, kazi ianze mara moja. Kimetiwa sahihi. Lakini hakitatolewa mpaka Mzee Sila atie kidole kwenye karatasi ya pili, ambayo nimeamriwa kuiandika kwa mkono wangu: kwamba yeye, Sila, katika ombi lake alisema "boma", kwamba alisema kwa ujinga, na kwamba anakubali siku saba za mnyororo ili wengine wajifunze kuchunga ndimi zao.

Ana umri wa miaka sabini, pengine zaidi.

Nimeiandika. Mwandiko safi, hakuna doa. Ataitwa Jumatatu. Siku hiyo hiyo, saa nane, Bwana Mkubwa anaondoka na wapagazi kwenda Kolo, majuma matatu. Karatasi isipotiwa kidole kabla hajaondoka, cheti kinachanwa.

Jumapili, 22 Novemba

Mawingu upande wa Mlali. Hayakushuka.

Jumatatu, 23 Novemba

Saa sita wamefika, baba na mwana. Mzee amevaa shuka safi. Nilimwandalia wino mwenyewe, nikamshika kidole gumba, nikakipaka. Nikaweka karatasi mbele yake na kumwonyesha mahali.

Akasema, "Nisomee, karani. Yote. Safari ile hukunisomea."

Nikasoma. Jina lake, jina la baba yake, nyumba, tarehe. Nikafika pale: "nakiri kwamba katika ombi langu nilisema —"

Nikasoma "ukuta".

Sikukusudia. Au nilikusudia, sina hakika, na kutokuwa na hakika si kawaida yangu.

Nikamalizia yaliyobaki, mpaka siku saba za mnyororo. Mzee Sila akaitikia kwa kichwa, ni kweli, alisema ukuta. Kisha akacheka kidogo, akamwuliza mwanawe: tangu lini ukuta ukamfunga mtu mnyororo?

Yotham hakucheka. Huyu ana miezi minane akijifunza herufi kwa wamisionari; nilijua, nikasahau. Aliinama juu ya karatasi, akafuata mstari kwa ukucha, polepole, midomo ikitembea.

"Baba, hii si u. Hii ni b." Akaendelea. "Bo. Ma."

Askari mlangoni alitazama nje. Mzee Sila akanigeukia bila hasira, kama mtu anayemwuliza mwenziwe njia.

"Hilo neno ni la nani, karani?"

Siku kumi na nne, na ndiyo mara ya kwanza limeulizwa.

Nikasema waningoje, nakwenda kuleta karatasi nyingine. Karatasi ninayo, iko hapa mezani, bado nyeupe; nimefungua daftari hili badala yake. Nikiandika ukweli, Bwana Mkubwa atautaka uchunguzwe, na uchunguzi utangoja arudi kutoka Kolo. Nisipouandika, mzee anakwenda mnyororoni na nyumba yake inasimama. Hesabu ni wazi. Ingekuwa ya mtu mwingine, ningeimaliza kwa pumzi moja.

Saa saba imepita. Wapagazi wanafunga mizigo uani. Matone ya kwanza yanagonga bati — machache, makubwa.

Kutoka hapa namwona barazani. Amekaa wima, mkono ameunyoosha mbali na shuka, kidole gumba juu, wino usimchafue. Yotham amesimama kando yake, anautazama mlango wangu.

Kwenye ile karatasi nyeupe nimeandika: Mimi, Halfani, karani wa —