Jezi Yako Namba Kumi na Moja

Kwako Kaka Mutegi,

Pokea salamu zangu kutoka hapa nyumbani Nkubu. Natumai wewe, shemeji Igoki na watoto mko wazima huko Siakago, na kwamba goti halikusumbui siku hizi. Sisi tu wazima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningeanza kutukana kabla hujaitika.

Unaijua desturi ya Chui, timu yetu ya mpira wa kikapu. Namba haigawiwi ofisini. Anayestaafu ndiye anayechagua mrithi wake, anamnywesha uji kwa kibuyu mbele ya watu, kisha anamvisha jezi. Wewe uliondoka na kumi na moja yako ukisema hujaona wa kumpa. Hata mimi nduguyo, ninayeichezea timu hiyo hiyo, uliniambia niendelee kutoka jasho. Nilinuna kidogo, kisha nikaona una haki. Ambaye hajaacha kununa ni mwenyekiti wetu Kobia, anayeitaka kwa ajili ya mpwa wake, kijana asiyeweza hata kudunda mpira bila kuutazama.

Jumapili iliyopita Kobia aliwaita wachezaji wa zamani na wa sasa kwenye sherehe pale uwanjani Kinoru. Mbuzi wakachinjwa, mahema yakawekwa. Kabla ya chakula mtangazaji alituomba tusimame tuwakumbuke wachezaji waliotutangulia kaburini. Akamtaja wa kwanza, akamtaja wa pili, kisha akakutaja wewe. Kaka, nilicheka. Nilidhani amekosea. Halafu nikaona wenzangu wameinamisha vichwa, nikakumbuka kwamba mwenye namba akifa, mtu wa ukoo wake ana ruhusa ya kuitoa. Hapo nikaelewa kwa nini wamekuua.

Nilipaza sauti kwamba uko hai, unapiga plasta nyumba za watu huko Siakago. Wakaongeza sauti ya muziki. Thuranira, nahodha wako, uliyemlisha pasi mpaka akaitwa nyota, alinivuta shati kwa mkono uliojaa mafuta ya mbuzi akaniambia nisiwaharibie wageni chakula. Na ndiye aliyesimamia harusi yako! Wote wale uliocheza nao walijua u hai, na wote walikula. Kesho yake wanawake wa kanisa walifika kwa Mama na unga na majani chai ya matanga. Mama aliwarudisha na unga wao, kisha akaingia jikoni akalia kwa hasira.

Sasa nikwambie ninalolikwepa tangu nianze kuandika. Utataka kujua ni nani wa ukoo wetu aliyekishika kile kibuyu. Ni Baba. Alisimama na koti lake la kanisani, akamnywesha mpwa wa Kobia, akamvisha jezi yenye namba yako, akapigiwa makofi. Nilipomuuliza nyumbani alisema kwamba tangu uoe bila kumwambia hujakanyaga boma lake, na kwamba Kobia amempa kiti cha mbele msimu mzima. Akaongeza kwamba hiyo ni jezi tu, hakuna mtu aliyekuzika. Halafu akaitisha chai. Ni baba yangu na namheshimu, lakini chai hiyo sikumpa. Nilinyanyuka nikatoka, na mpaka leo nikimwona akila hamu yangu ya chakula inaisha.

Jezi yangu nimewarudishia. Mechi ni Jumamosi mchana, hapo hapo Kinoru. Usitume ujumbe wala usimtume mtu. Njoo wewe mwenyewe, na shemeji na watoto, mwingie kwa mlango mkubwa watu wakiwaona. Baba atakuwa pale mbele. Kiti cha pembeni yake nitakikalia mimi mpaka ufike, kisha nitakupisha.

Mama anakusalimu sana, na anawaombea wajukuu ambao babu yao hajawahi kuwashika mkono. Mwambie shemeji awavalishe vizuri.

Ni mimi nduguyo, aliye hai kama wewe,

Kirimi