Hotuba Yangu ya Kifuliiru Mbele ya Kaka Zako

Muke wangu, Mama Furaha,

Huko uliko najua unacheka tayari, unasema tangu lini huyu muzee anaandika barua. Naandika mwenyewe. Binti yetu Furaha alitaka kunisaidia, nikamufukuza. Muntu aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mutaa wa Kasenga atashindwa na kalamu? Niko naenda polepole tu, kama muntu anayevuka matope. Na naandika Kiswahili, juu Kifuliiru sikufundishwa kukiandika, na weye unajua nani alikifukuza kwa nyumba yetu.

Ni minye. Ulipotoka Lemera kuja kuolewa, ulishuka mulima na kikapo cha maharagi na lugha moja tu. Minye nilikuwa tayari muntu wa Uvira, najua Kiswahili kuliko waliozaliwa nacho. Hata kabla hujakaa nikakuambia: "Hapa ni Kiswahili tu. Sitaki watoto wangu wachekwe kwa soko kama walivyonicheka minye." Ulisubiri miezi sita, mpaka Kiswahili kikakutosha, ndiyo ukanijibu: "Sawa. Kupika nitapika kwa Kiswahili. Kuomba Mungu nitaomba kwa Kiswahili. Lakini nikikasirika sitakuwa na wakati wa kutafuta maneno."

Na kweli hukuwa nao. Nikiingia na vumbi la mbao kwa miguu, Kifuliiru. Nikijisifu mbele ya wageni, Kifuliiru. Watoto hawakujua hata neno moja, lakini wakikisikia tu, kila mumoja anachukua ndoo anakimbia ziwani kuteka maji, hata kama mapipa yamejaa. Hakuna nyumba ilikuwa na maji kama yetu.

Sasa sikiliza. Siku ya kumaliza kilio chako, kaka zako walishuka wote. Yule mukubwa, ambaye hajawahi kunipenda, alisimama akasema mwanaume aliyebaki awaeleze ndugu za muke wake namna yeye na muke waliishi, na aeleze kwa Kifuliiru, lugha waliyotumia kumupa dada yao. "Akishindwa," akasema, "tutajua dada yetu aliishi na jiwe."

Furaha akaninong'onezea: "Papa, sema tu Kiswahili, watatafsiri."

"Kunitafsiri minye? Kifuliiru nilikinyonya!" Nikaweka kofia vizuri, nikasimama.

Mama Furaha, nilifungua kinywa, hamna kitu. Nilitaka kusema ulikuwa muke muzuri, ulinilelea watoto, sombe yako ya majani ya muhogo sitaikula tena popote. Nilitafuta maneno mazuri, hayako. Miaka yote hiyo maneno mazuri nilikuambia kwa Kiswahili, na hayakuwa mengi. Kaka yako akakohoa, kile kikohozi cha muntu mwenye furaha.

Basi neno lako lililokuwa karibu ndilo likatoka: "Weye ngoma tupu, pangusa miguu!" Kifuliiru safi kabisa, na sauti yako, na shingo nimeikaza kama weye. Nikataka kunyamaza, lakini mengine yakafuata kama mbuzi waliofunguliwa mulango: "Watu wote unawatengenezea vitanda, chetu kinalia kama panya!" "Unajisifu umevuka ziwa, na mvua unaikimbia!" Nikafika kwa lile la mwisho, la siku ulipokuwa mugonjwa na minye nimekaa tu nakuangalia: "Toka hapa uende kula, ukifa mbele yangu nani atanizika?"

Hapo nikavua kofia.

Mudogo wako akapiga kelele: "Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Wakashikana wakicheka na kulia. Na Furaha, na unene wake, na ualimu wake, aliinuka akaangalia ndoo iko wapi!

Kaka yako akapangusa macho. "Shemeji," akasema, "Kifuliiru chako ni cha matusi tu. Lakini muntu anayekumbuka matusi yote hivi, alikuwa anasikiliza." Akanimiminia kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa mukono wake. Nilikunywa kama muntu aliyezoea kusifiwa.

Sasa nyumba iko kimya. Furaha ananigombeza kwa Kiswahili, wajukuu kwa Kifaransa. Hainiingii. Jioni nikitoka karakana nasimama kwa mulango na vumbi langu, nangoja kidogo. Kisha najiambia mwenyewe lile la ngoma tupu, kwa Kifuliiru, napangusa miguu, naingia. Lakini kujigombeza sijui, najihurumia mapema.

Kitanda chetu nimekitengeneza. Hakilii tena. Ningejua, ningekiacha.

Kaa na amani, mama. Na ukinikasirikia huko, usitafute maneno. Toa hayo hayo, nitasikia.

Ni minye, bwana yako,
Ngoma tupu